Contra ni ngumu, lakini je, ni mbovu?

Ubishi huu haujaisha vijiweni Mtwara mjini, na siku hizi umechochewa upya. Vijana wameipakua Contra, ile gemu ya zamani ya kuruka na kupiga risasi, kwenye simu, wenye kompyuta wamepata ile mpya iliyotoka mwaka 2024, na watu wazima walioicheza kwa kaseti ya kuchomeka kwenye mashine enzi za shule ya msingi wanawaambia, "Nyie hamjaijua Contra." Kijana anajibu kwamba ameijaribu, amekufa hapohapo steji ya kwanza, akarudia akafa tena, na kwa maoni yake gemu yenyewe mbovu, kaka zake wanaisifia kwa sababu ya utoto wao tu. Kaka zake wanakuja juu. Wanasema hakuna gemu inayoifikia, na ushahidi wanaoutoa ni uleule alioutoa kijana: kwamba ni ngumu.

Hapo pande zote mbili zimechanganya mambo. Ugumu ni jambo moja, ubora ni jingine. Gemu inaweza kuwa ngumu kwa sababu imetungwa kwa akili, na inaweza kuwa ngumu kwa sababu aliyeitunga alikosea mahali. Contra ina ugumu wa aina zote mbili ndani ya kaseti moja. Naipenda sana gemu hii, na kwa kuwa naipenda, sitaki isifiwe kwa jambo ambalo ni kasoro, wala ilaumiwe kwa jambo ambalo ndilo uzuri wake.

Tunazungumzia nini hasa

Gemu ya majukwaa ni ile ambayo mtu unayemwongoza anakimbia na kuruka kutoka sehemu moja ya kukanyaga hadi nyingine bila kutumbukia. Mario ndiye anayejulikana zaidi kwa aina hiyo. Ukimpa mrukaji huyo bunduki na kumletea maadui mfululizo, unapata gemu ya majukwaa na mapigano, na Contra ni mojawapo ya zile zilizoweka msingi wa aina hiyo. Ukiongeza viumbe kutoka sayari nyingine, mitambo isiyokuwepo duniani na vita ya miaka ijayo, umeingia kwenye bunilizi ya kisayansi, yaani hadithi inayosimama juu ya sayansi ya kufikirika. Contra ina vyote hivyo.

Iliundwa na kampuni ya Konami ya Japani. Mwaka 1987 ilitoka kwanza kwenye yale makabati makubwa ya kutumbukiza sarafu, na mwaka 1988 ikaingia kwenye mashine ya nyumbani ya Nintendo, inayoitwa Famicom kule Japani na NES kule Marekani. Hilo toleo la 1988 ndilo tulilolijua sisi huku Kusini. Lakini wengi wetu hatukuligusa kwenye mashine ya Nintendo yenyewe. Tulilicheza kwenye nakala zake za bei nafuu, zile za boksi lenye pedi mbili na kaseti ya njano iliyojaa gemu. Msimu wa korosho ukishafunguka na wakulima wakilipwa, runinga na vitu kama hivyo ndivyo vilivyokuwa vikiingia majumbani, Newala, Tandahimba na Masasi, na mtoto aliyepata boksi hilo alikuwa na wageni sebuleni hadi usiku.

Ndani ya gemu kuna askari wawili, Bill Rizer mwenye suruali ya bluu na Lance Bean mwenye suruali nyekundu, wanaotumwa kuibomoa ngome ya kundi la Red Falcon. Steji ziko 8. Zinaanzia porini, zinapita kwenye maporomoko ya maji, theluji na mitambo ya moto, na zinaishia ndani ya pango la viumbe ambako unaupiga risasi moyo mkubwa unaodunda. Mtu aliyeizoea anaimaliza yote chini ya nusu saa.

Risasi moja

Kanuni inayotawala kila kitu ndani ya Contra ni hii: risasi moja inakuua. Hakuna mstari wa afya unaopungua kidogo kidogo, hakuna dawa ya kuokota. Ukigusana na adui umekufa, ukitumbukia shimoni umekufa. Unaanza na laifu 3, yaani uhai wa kuchezea mara tatu. Aliyezoea filamu ambazo steringi anapigwa risasi ya bega na bado anamaliza kazi, hapa anapata mshtuko.

Sasa, kanuni hiyo peke yake si nzuri wala si mbaya. Swali ni moja: je, gemu inakuonyesha hatari kabla haijakuua, na inakupa nafasi ya kuikwepa, kiasi kwamba ukifa unajua ulikosea wapi? Ikifanya hivyo, ugumu wake ni wa haki. Isipofanya hivyo, inakuonea.

Mfano ulio karibu nasi ni bao la kete. Mashimo 32 na kete 64 zote ziko wazi mbele ya wachezaji wote wawili. Hakuna dadu, hakuna karata iliyofichwa mkononi. Ukifungwa huna wa kumlaumu, maana hesabu ilikuwa mbele ya macho yako na mwenzako ndiye aliyeipiga. Contra, kwa sehemu kubwa, iko hivyo. Mizinga ya ukutani iko palepale kila unapocheza. Bosi, yule adui mkubwa wa mwisho wa steji, anarusha kwa mpangilio uleule. Askari wanaokimbia hutokea kwa kubahatisha kidogo, kwa hiyo huwezi kukariri kila kitu ukacheza umefumba macho, lakini risasi zao ni za polepole, zinaonekana zikija, na unayo nafasi ya kulala chini zikupite juu.

Ndiyo maana mtoto aliyekufa leo steji ya kwanza, kesho anaivuka. Gemu haikubadilika wala mashine haikumhurumia. Amejifunza mahali mzinga ulipo.

Tazama daraja la steji ya kwanza, kwa sababu pale ndipo utaona jinsi watungaji walivyofikiri. Unatembea porini, unafika kwenye daraja juu ya maji, unalikanyaga, ghafla linaanza kulipuka kipande baada ya kipande. Mchezaji mpya anaganda kwa woga na kutumbukia. Anadhani amekufa. Kumbe hakufa: yuko ndani ya maji, kichwa kiko nje, bunduki bado iko mkononi, na anaweza kuendelea mbele hadi nchi kavu. Akibonyeza chini anazama kabisa, na akiwa amezama hakuna risasi inayompata, ila na yeye hawezi kupiga. Katika sekunde chache amejifunza kwamba ardhi ya gemu hii haiaminiki, kwamba kuanguka si lazima kuwe kifo, na kwamba maji ni maficho. Hakuna maandishi yaliyomwambia hayo. Amefundishwa kwa kutishwa bila kuadhibiwa, na utungaji wa namna hiyo hauonekani mara nyingi hata kwenye gemu za leo zenye picha nzuri mara mia.

Kuna haki nyingine ambayo watu hawaioni kwa kuwa ni ndogo. Ukifa, hurudishwi mwanzo wa steji. Unashuka palepale ulipoangukia, na kwa muda mfupi unametameta na huwezi kuuawa. Bila hilo, kanuni ya risasi moja ingekuwa adhabu tupu.

Uzuri ulio mikononi

Sifa kubwa ya Contra, kwangu mimi, iko kwenye vidole. Ukibonyeza, mtu anatii saa hiyohiyo. Anaruka akijizungusha kama mpira, na akiwa hewani unaweza kumgeuza upande mwingine. Unapiga mbele, juu, na kwa mshazari. Ukishikilia chini pamoja na kitufe cha kuruka anashuka jukwaa la chini bila kuruka. Gemu nyingi za miaka ile zilikuwa nzito, unabonyeza na kungoja. Contra haikungoji.

Halafu kuna herufi. Bunduki ya kuanzia inatoa risasi moja kila unapobonyeza, na ni dhaifu. Ukivunja kisanduku au kile kidude kinachopita angani, inadondoka alama yenye herufi. M inapiga mfululizo ukishikilia kitufe. F inatoa moto unaojizungusha. R inaongeza mwendo wa risasi. B inakufanya usidhurike kwa muda. Na S, ambayo hakuna mtoto wa kaseti asiyeijua, inatoa risasi 5 zinazotawanyika kwa pamoja.

S inaleta raha ya peke yake. Ukiipata, unaacha kulenga na kuanza kufagia. Lakini hapohapo imeharibu mizani ya gemu, maana silaha nyingine zote zinakuwa za kupitia tu ukingojea S.

Niitetee L, kwa kuwa imesingiziwa sana. Watu wanasema bunduki ya L ni mbovu, haifiki mbali, "inakatika". L ni mwale, na kila ukibonyeza tena kabla mwale haujafika, ule wa kwanza unafutwa na kuanza upya. Tuliozoea kubonyeza haraka haraka tulikuwa tunaifuta wenyewe. Bonyeza mara moja, uache upite, ndipo ubonyeze tena. Ni silaha kali inayomtaka mtu mtulivu, na gemu haikueleza hilo popote.

Kucheza wawili kwa pamoja, si kwa zamu, ndiko kulikoifanya Contra ipendwe kuliko gemu nyingi za kaseti ileile. Mmoja anashughulika na aliye juu, mwingine anafagia chini. Ukiishiwa laifu unaweza kuchukua moja ya mwenzako aliyebakiza, na hapo undugu unapimwa. Kuna kaka wakubwa ambao hadi leo wanadaiwa laifu.

Mahali ambapo inakuonea

Sasa tuje kwenye kasoro, na kubwa kuliko zote iko steji ya 3, ya maporomoko ya maji.

Kwenye steji hiyo hamwendi mbele, mnapanda juu. Skrini inamfuata aliye juu zaidi. Chochote kinachoachwa chini ya ukingo wa skrini kinahesabiwa kuwa shimo, hata kama sekunde mbili zilizopita lilikuwa jukwaa ulilosimama juu yake. Kwa anayecheza peke yake si tatizo kubwa, anajifunza kutorudi chini. Kwa wanaocheza wawili ni balaa. Mmoja akiwa na haraka, akaruka majukwaa mawili, mwenzake aliye chini anavutwa nje ya skrini na kufa bila adui yeyote kumgusa. Hakukosea. Hakuna risasi aliyoshindwa kuiona. Kauawa na rafiki yake, na rafiki mwenyewe hakukusudia. Ule ugumu wa haki haupo tena hapa. Idadi ya ugomvi uliotokea sebuleni kwa sababu ya maporomoko yale haiwezi kuhesabika, na lawama zote walipewa watoto wakati zilikuwa za gemu.

Kasoro ya pili inahusu kulenga. Ili upige kwa mshazari lazima utembee. Ukisimama, unapiga mbele au juu tu. Maana yake, adui akiwa juu kidogo mbele yako, huwezi kusimama mahali salama ukampiga. Lazima umsogelee. Konami wenyewe waliliona hilo: kwenye Contra III ya mwaka 1992, iliyotoka kwa mashine iliyofuata ya Nintendo, waliweka kitufe cha kukufanya usimame ukilenga kokote, na wakakuruhusu kubeba silaha mbili.

Hilo la silaha mbili linagusa kasoro ya tatu. Kwenye Contra ya kaseti unabeba moja tu, na alama ikikugusa umeichukua, utake usitake. Una S yako, kidude kinapita, mwenzako anakivunja, F inadondoka kichwani mwako, S imeondoka. Na ukifa, silaha inapotea, unarudi na kile kibunduki cha mwanzo. Fikiria athari yake. Umefika mbali, ukateleza mara moja, na sasa unakabiliwa na sehemu ileile iliyokushinda ukiwa na silaha kali, safari hii ukiwa na dhaifu. Kifo cha kwanza kinaleta cha pili, cha pili kinaleta cha tatu. Mchezaji anaona laifu zake zote zimekwisha ghafla na hajui kwa nini. Kosa la kwanza lilikuwa lake. Yale mengine mawili gemu ilimsukumia.

Steji za ndani ya ngome, ya 2 na ya 4, zinatazamwa kutoka mgongoni, ukiingia vyumba vinavyofuatana kwenda ndani zaidi. Kwa mwaka 1988 lilikuwa jambo la kushangaza. Kucheza ndiko kunakochosha: chumba kinafanana na chumba, unapiga taa za ukutani, unangoja uzio wa umeme uzimike, unasogea. Mimi huzipita haraka.

Na hakuna kuhifadhi ulipofika. Hakuna neno la siri, hakuna daftari la kumbukumbu. Umeme ukikatika uko steji ya 7, umerudi porini steji ya kwanza. Konami hawakuwa wanatufikiria sisi, hilo linaeleweka, na gemu yenyewe ni fupi. Ila kwa aliyecheza Lindi au Mtwara nyakati za mgao, hiyo haikuwa kasoro ndogo.

Hadithi? Karibu haipo. Bill na Lance hawasemi neno. Kwangu hilo si kosa zito, maana gemu hii hukai nayo kwa ajili ya mazungumzo, lakini anayetaka kujua kwa nini anapigana hatajibiwa na skrini.

Yanayosemwa vijiweni

Kwa kuwa hadithi haikuwepo kwenye skrini, na kaseti zetu hazikuja na kitabu cha maelezo, kila mtaa ulitunga ya kwake. Wapo wanaoapa kuwa ni vita ya Vietnam. Wengine wanasema ni Amerika ya Kusini. Wengine wanasema ni vita ya baadaye kabisa. Ajabu ni kwamba hao wawili wa mwisho wote wako sahihi. Kitabu cha Kijapani kinasema ni mwaka 2633, kwenye visiwa vya Galuga karibu na New Zealand. Kitabu cha Kimarekani kiliibadilisha kikaileta kwenye zama zilezile za kutolewa kwake, ndani ya msitu wa Amazon. Ulaya nako waliigeuza zaidi: kwa sababu ya masharti makali ya Ujerumani juu ya michezo ya vita, askari wakaondolewa, wakawekwa roboti, na jina likawa Probotector. Kwa hiyo aliyewahi kuiona "Contra ya maroboti" hakuota.

Vilevile kuna anayekumbuka minazi inayoyumba kwa upepo steji ya kwanza na theluji inayodondoka steji ya 5, huku jirani yake akibisha kwamba hakuna kitu kama hicho. Hao nao wasigombane. Toleo la Kijapani lilikuwa na kifaa cha ziada ndani ya kaseti kilichowezesha mandhari kucheza, pamoja na ramani kabla ya kila steji. Toleo la Kimarekani halikuwa nacho, likabaki limetulia. Inategemea nakala uliyoipata ilinakiliwa kutoka wapi.

Kuhusu laifu 30: si hitilafu ya kaseti, wala si uchawi wa fundi. Kwenye skrini ya mwanzo unabonyeza juu, juu, chini, chini, kushoto, kulia, kushoto, kulia, kitufe cha B, kitufe cha A, kisha unaanza, na unapewa laifu 30 badala ya 3. Mfuatano huo aliubuni Kazuhisa Hashimoto wa Konami kwa gemu nyingine, Gradius, iliyotoka kwa Famicom mwaka 1986. Alikuwa na kazi ya kuijaribu gemu hiyo na ikamshinda kwa ugumu, akajiwekea njia ya kujisaidia, nayo ikabaki ndani. Hashimoto alifariki mwaka 2020. Je, kuutumia ni udanganyifu? Sioni hivyo. Unakupa muda wa kujifunza. Anayeumaliza mchezo kwa laifu 30 ameziona steji zote 8, na hilo ndilo litakalomwezesha siku moja kuumaliza kwa 3.

Na zile kaseti zilizoandikwa "gemu 9999"? Gemu zenyewe zilikuwa chache, orodha ndiyo iliyojirudia. Mwenye kunakili alichukua gemu ileile, akabadilisha steji ya kuanzia, silaha au idadi ya laifu, akaipa namba mpya. Ndiyo sababu ulikuta Contra inayoanzia kwenye theluji, na nyingine inayokupa S tangu mwanzo.

Linalosumbua vijana zaidi ni hili la simu. Wanaambiwa Contra ya kwenye simu "imechezewa", ina kasi kuliko ile ya kaseti. Wakongwe hawasemi uongo, ila sababu si kuchezewa. Runinga za zamani za Tanzania zilifuata mfumo wa PAL, unaochora picha 50 kwa sekunde, ilhali Japani na Marekani runinga zao zilichora karibu 60. Contra inahesabu mwendo wake kwa picha: kila picha moja, hatua moja. Mashine iliyotengenezwa kwa PAL ikichora 50, gemu nzima inatembea polepole kwa karibu asilimia 17, risasi za adui zikiwemo. Programu za simu kwa kawaida hufuata zile 60. Kwa hiyo kijana anayekufa kwenye simu anacheza Contra ya mwendo wake halisi, na kaka yake anayejisifu huenda alikuwa na nafasi kubwa kidogo ya kukwepa. Ukiongeza na ugumu wa kubonyeza kioo kisicho na vitufe, kijana anastahili heshima zaidi kuliko anayopewa.

Kule kumetameta kwa watu na risasi kwenye skrini nako hakukuwa ubovu wa runinga. Mashine ile iliweza kuchora vipande 8 tu vya vitu vinavyotembea katika mstari mmoja wa skrini. Vikizidi, vingine havichorwi, kwa hiyo watengenezaji walivipokezanya: hiki sasa, kile baadaye, na jicho linaona vinametameta. Wawili mkiwa na S pamoja, skrini inajaa, na risasi ya adui inaweza kupotea machoni hadi ikupate. Hii naihesabu kuwa kasoro ya kweli, ingawa chanzo chake ni mashine.

Na tuliopuliza kaseti ilipogoma, tuache. Pumzi ina unyevunyevu, na hewa yetu ya pwani ina chumvi tayari. Vyote viwili vinakula zile chuma za chini. Nintendo wenyewe walikataza. Kilichosaidia ni kule kuichomoa na kuichomeka upya. Kama una kaseti ya zamani, tumia pamba yenye spiriti, iache ikauke kabisa.

Ile ya 2024

Contra: Operation Galuga imetengenezwa na WayForward, studio ya Marekani, kwa niaba ya Konami. Imerudi kwenye vile visiwa na kuisimulia upya hadithi ya 1987, safari hii kwa maneno. Unabeba silaha mbili, unaweza kuruka mara ya pili ukiwa hewani, na unachagua kabla ya kuanza: uuawe kwa risasi moja kama zamani, au uwe na afya inayopungua. Uchaguzi huo wa mwisho ndio ninaousifu zaidi, kwa kuwa unamruhusu mgeni kuingia bila kumnyang'anya mkongwe alichokizoea. Kilichopungua ni ule ukali wa kila kitu kutokea upesi bila maelezo. Unaposimamishwa usome mazungumzo katikati ya vita, vidole vinapoa.

Anayetaka ile ya 1988 kwa njia halali, Konami walitoa mkusanyo wa Contra za zamani mwaka 2019 kwa kompyuta na mashine kama PlayStation 4. Ndani yake unaweza kuhifadhi ulipofika, kwa hiyo umeme ukikatika hujapoteza steji 7. Cheza na mtu, usicheze peke yako, na tumieni laifu 30 bila aibu. Msigombee S: mwenye bunduki ya mwanzo ndiye aipate, hata kama yuko mbali nayo. Mkifika maporomokoni, mkubaliane kabla ya kuruka nani anatangulia. Atangulie mmoja, jukwaa moja tu, asimame angoje mwenzake afike, ndipo aruke jingine.